Mguu wa Kushoto na Vibuyu vya Bibi

Utotoni mwangu kule Mpimbwe, miaka ya sabini, mtu akijikwaa mguu wa kushoto akianza safari aligeuza akarudi nyumbani. Ulikuwa mkosi, basi. Hata wazee wa kanisa, waliotukataza hirizi, waligeuza bila aibu.

Bibi yangu, mama yake baba, alitaka kuhakikisha. Mwanzoni aliwauliza walioibiwa au kuugua safarini walijikwaa mguu gani. Wote kushoto! Akacheka. "Mtu akishaumia, mguu wa kulia anausahau." Akaanza kuwauliza wakiwa wanaondoka, kabla lolote halijawapata. Akaweka vibuyu viwili: kimoja cha waliojikwaa kushoto wakaendelea kwa ubishi, kingine cha wasiojikwaa kabisa. Mtu akirudi salama, bibi alitia haragwe katika kibuyu cha kundi lake. Akirudi na balaa, punje ya hindi. Ujanja huo mimi nilikuja kufundishwa chuo kikuu, nikiwa mtu mzima.

Siku moja asubuhi mama alishikwa na uchungu. Mkunga akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe zahanati ya misheni haraka. Baba akampakia mama kwenye baiskeli, akaanza kuisukuma. Hatua ya tatu akajikwaa. Kushoto. Akasimama, jasho linamtiririka, akamgeukia bibi aliyekuwa akiwasindikiza.

"Mama, turudi?"

"Vibuyu vinalingana, baba. Nendeni."

"Una uhakika?"



"Sina. Nimewahesabu waliorudi tu. Waliofia huko hawakuja kuniambia. Ila mkunga amesema hapa ameshindwa, hilo nimelisikia mwenyewe. Nendeni nyie!"

Walipopotea kwenye kona, alikaa chini akalia, kanga usoni. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda yeye saa ile.

Mama alirudi na mdogo wangu, wote wazima. Majirani wakashangilia kwamba mkosi umekwisha nguvu. Bibi akawakatalia: "Huyu ni mmoja tu. Mmoja haniambii kitu."

Leo nafundisha saikolojia mwaka wa kwanza, mbinu za utafiti na mapungufu yake. Wanafunzi hukariri upesi kwamba sampuli ndogo haitoshi, nami huwapa alama zao. Lakini kukiri kwamba hujui, mwanao akiwa mbele yako anatetemeka, kisha ukamwambia aende, hilo sijapata namna ya kulifundisha. Sina hata hakika kama mimi ningeliweza.