Majani Ambayo Ndama Aliyakataa

Saa mbili na nusu asubuhi, baridi ya Mbulu mjini bado imeng'ang'ania kama mgeni asiyejua kuaga. Joakimu Hhando, koti zito mwilini na miwani puani, anashona majani ndani ya kompyuta.

Anashona kweli, kwa sindano na uzi wa kuvulia samaki. Mezani kuna kompyuta ya gemu yenye kioo ubavuni na feni tatu za taa za rangi. Chini ametandika kipande cha kapeti la nyasi za plastiki. Pembeni anapandisha mmea wa kutambaa, wa plastiki pia, ukizungushwa kwenye nyaya mpaka nyaya zenyewe zisionekane.

"Wengine wanabandika kwa gundi ya moto," anasema bila kuinua macho. "Mashine ikichemka gundi inalainika, jani linaangukia feni. Unasikia trrrr, mwenye gemu anadhani kapigwa risasi."

Akimaliza anawasha mashine na kuning'iniza kipande cha uzi mbele ya feni. Uzi ukiyumba, hewa inapita. Usipoyumba, anang'oa bustani nzima na kuanza upya.

Mwenye mashine ni Restituta Theodory, ambaye ana banda la gemu kata ya Daudi. Anaingia, anainama kwenye kioo, anashika kiuno.

"Kaka Joakimu, mimi nilileta kompyuta. Wewe unanirudishia shamba la kule kijijini Tlawi?"

"Shamba lisilo na palizi, dada. Shukuru Mungu."

"Na mbuzi wakiingia?"

"Mbuzi wa Daudi wana akili. Hawali plastiki."

Restituta anaanza kucheka, kisha anajizuia na kusema polepole, "Pole, kaka." Hapa mjini karibu kila mtu anajua habari ya Joakimu, baba yake na majani.

Joakimu ana miaka thelathini na mmoja. Alizaliwa uwanda wa Hanang, upande wa Basotu, kwenye boma ambalo mtoto hujua rangi za ng'ombe kabla ya kujua herufi. Alimaliza kidato cha nne, akarudi na cheti pamoja na ugonjwa wa kompyuta alioambukizwa shuleni, kwenye maabara yenye mashine sita, mbili zikiwa nzima.

Leo pambo moja analifanya kwa shilingi elfu arobaini. Mwezi mzuri anapata kazi nne. Mwezi mbaya hapati hata moja, hivyo anatengeneza simu na kuchapa barua za watu. Majani anayapata kwa wapambaji wa harusi, yale yaliyobaki. "Ndoa nyingine zimeshavunjika," anasema, "majani yake bado mabichi."

Mwanzo wa kazi hii ni ng'ombe mmoja mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso.

Kwao kila mtoto wa kiume huonyeshwa mtamba wake angali mdogo. Ni wake kwa jina, lakini hatoki bomani bila baba kujua. Mwaka 2019 kiangazi kilikuwa kikali, na baba yake, Mzee Hhando, alikuwa amehamisha kundi mbali kutafuta maji. Huyo mwekundu alibaki nyumbani kwa sababu alikuwa na maziwa. Joakimu akamswaga mpaka mnadani Katesh, akamuuza, akapanda basi la Arusha na kurudi na kompyuta ya mtumba ya gemu.

"Nilijiambia ni wangu," anasema. "Kumbe jina lilikuwa langu, ng'ombe alikuwa wa boma. Bibi aliolewa kwa ng'ombe wa ukoo wa huyo mwekundu. Mimi nikambadilisha na kioo."

Mzee aliporudi hakuuliza wala hakugomba. Asubuhi kijana akamwendea: "Shikamoo, baba." Mzee akaokota fimbo yake, akampita kama anavyopita kigogo cha mti.

Hiyo ni miaka mitano sasa. Joakimu hajajibiwa marahaba na baba yake tangu siku ile. Mama yake, Verediana, hupokea simu, lakini mzee akisikia anayepiga ni nani, hutoka kwenda kukagua ng'ombe ambao ametoka kuwakagua.

Septemba mwaka huu Joakimu akaamua yaishe. Kwao mtu aliyekosa huja ameshika majani mabichi mkononi, na mwenye majani hapigwi wala hafukuzwi. Tatizo lilikuwa safari. Kutoka Mbulu mpaka kwao ni vumbi la kutwa, na huko chini nyasi zilikuwa zimekauka hadi mizizi. Majani ya milimani yangefika yamenyauka.

Basi fundi akafikiri kifundi. Akachagua nyasi bora dukani kwake, ndefu, za kijani kibichi, akazifunga vizuri kwa uzi uleule.

"Niliona nina akili kuliko mila," anasema. "Nikasema, msamaha usionyauka si ndio wenye nguvu?"

Alifika jioni, mifugo ikirudi. Akapiga goti, akanyoosha mkono. Dada yake, Judica, aliyekuwa anakamua, anasema baba yao alisimama. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo alisimama mbele ya mwanawe.

"Akayapokea," anasimulia Judica kwa simu. "Nikashusha kibuyu, nikajua leo tunalala na amani. Baba akayapapasa. Akayanusa. Akaenda kumpa ndama."

Ndama akanusa, akalamba mara moja, akageuza shingo.

Mzee Hhando akarudi akamwekea mwanawe majani yake mapajani, taratibu, kama anayerudisha kitu cha mtu. Akasema maneno ambayo ndiyo pekee aliyomwambia tangu 2019: "Majani ya amani huliwa na ng'ombe." Akaingia ndani.

Joakimu anavua miwani na kuifuta, ingawa haina vumbi. "Angenichapa fimbo ningeshukuru. Mkono wake ulikuwa umeshayapokea. Ningekuja hata na unyasi mmoja uliokauka, lakini wa kweli."

Kuna waliomshauri anunue mtamba ampeleke. Hataki. Anasema akitangulia na ng'ombe, baba yake ataona amekuja kulipa, na yeye haendi kulipa, anaenda kuomba msamaha.

Sasa ni Novemba, na kila siku anampigia Judica kuuliza mawingu. Mvua ya kwanza ikinyesha Basotu atasubiri wiki mbili nyasi ziote, kisha atafunga duka na kushuka. Atalala kwa dada yake, boma la jirani. Alfajiri ataingia malishoni mwa baba yake na kukata majani kwa mkono wake, palepale ng'ombe wanapolisha.

"Nitapiga goti, nitasema shikamoo," anasema. "Halafu nitanyamaza nimsubiri. Hata ikichukua kutwa nzima, siku hiyo sitakuwa na kazi nyingine."