Mwenye Kifua Kikuu

Juzi mjini, mhudumu wa zahanati aliniita kwa jina la ugonjwa wangu, nikamkumbuka baba.

Nilikuwa mdogo. Tulitembea kutoka kijijini kwetu Busi tangu alfajiri, baba akikohoa njia nzima. Zahanati ilinuka spiriti, na benchi lilijaa majirani. Muuguzi akachungulia dirishani. “Mwenye kifua kikuu nani?”

Nilidhani ni sifa ya wenye nguvu. “Ni baba yangu,” nikasema kwa fahari. Majirani wakasogea mbali naye.

Baba hakuinuka. Akamwambia muuguzi, “Binti yangu, mimi nina jina, umeliandika kwenye daftari hilo. Liite. Mengine tutaongea ndani, mlango ukiwa umefungwa.”

Muuguzi akasita, kisha akaliita.

Juzi mhudumu alirudia jina la ugonjwa mara tatu. Nilibaki nimekaa, nikisubiri jina langu.