Hita ya Marketta na Nyayo za Jirani

Taisto Hietajärvi alikuwa na kanuni moja ya ufundi, na aliwatajia wateja hata wasipouliza: umeme hupimwa kifaa kikiwa kinafanya kazi, si kikiwa kimelala. Aliishika kanuni hiyo kwa miaka ishirini na sita katika gereji yake hapa Savukoski, kijiji cha kaskazini ya mbali. Aliivunja mara moja tu, kwa sababu alikuwa ameshaamua mkosaji ni nani.

Gari lilikuwa la Marketta, muuguzi anayezunguka majumbani kuwahudumia wazee. Lina hita ndogo inayochoma dizeli, ambayo hujiwasha saa kumi na moja alfajiri na kuipasha injini joto kabla mwenyewe hajatoka. Bila hita, katika baridi ya nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri, injini ile haiwaki. Sasa hita ilikuwa imezimika yenyewe siku tatu mfululizo.

"Leo mzee wangu wa sindano ya sukari nimemkuta ameketi sakafuni," Marketta alimwambia. "Nimefika saa nne badala ya saa kumi na mbili. Siku nikichelewa tena na nikamkuta amelala hapo, nitamwambia nini binti yake?"

Taisto aliliingiza gari gerejini, kwenye joto. Aliweka mita ya umeme kwenye betri: volti kumi na mbili na nusu. Fyuzi nzima. Aliiwasha hita, ikanguruma vizuri mpaka ikamaliza kazi yake. Ikinguruma hivyo ndipo alipotakiwa kupima tena. Badala yake alifunga boneti.

"Ukiegesha nyumbani, nani anaishi upande wa bomba la moshi la hita?"

"Urho. Dirisha la chumba chake cha kulala liko palepale. Ameshanung'unika mara mbili kuhusu kelele."

"Basi ndiyo hiyo."

"Ndiyo nini? Mimi nimekuletea hita, Taisto. Sijakuletea jirani."

Mchana alikwenda uani kwa Marketta na kukuta nyayo kwenye theluji, kutoka mlango wa Urho hadi mahali gari linapoegeshwa na kurudi. Hakutafuta kingine.

Urho Pokela na Taisto walikuwa wameoga pamoja kila Jumamosi katika sauna ya Taisto, chumba cha mvuke wa maji yanayomwagwa juu ya mawe ya moto, kwa miaka thelathini na mmoja, na walikuwa kikosi kimoja cha mawindo. Huku kwetu mtu haingii sauna na ugomvi. Anauacha mlangoni pamoja na viatu. Jumamosi ile Taisto aliingia nao.

"Maji unayamwaga kama unazima nyumba inayoungua," Urho alisema. "Una nini?"

"Unalala vizuri siku hizi?"

"Kwa umri huu? Nani analala?"

"Nadhani hita ya Marketta haikusumbui tena."

Urho alimgeukia. "Sema ulichokuja nacho, bwana. Uko uchi, huna pa kukificha."

"Nimeona nyayo zako kwenye gari lake. Na hita inazimika ikiwa pale tu. Kwangu inafanya kazi."

"Umepima?"

"Nimepima."

"Ikiwa inafanya kazi?"

Taisto alichota maji mengine, akayamwaga. Urho alichukua taulo, akavaa, akaenda kwake nywele zikiwa bado mbichi.

Hata hapo Taisto hakujishuku mwenyewe. Alijiambia kwamba asiye na hatia angebaki akajitetea. Jumatatu alfajiri aliegesha gari lake karibu na ua wa Marketta ili amkamate mtu. Saa kumi na moja hita ikawaka. Hakuna aliyetoka. Baada ya dakika chache feni yake ikapunguza mwendo, ikakohoa, ikazimika. Hakuna aliyeigusa.

Kisha Urho alitoka na koleo. Alimpita Taisto bila kumtazama, akainama kando ya gari la Marketta na kuondoa theluji iliyoporomoka kutoka paa la nyumba ikalifunika bomba la moshi, ili moshi usije ukarudi ndani ya gari. Akarudi kwake juu ya nyayo zilezile.

Taisto alichukua mita. Aliiwasha hita upya na kupima kama alivyopaswa kupima siku ya kwanza. Kwenye betri, volti kumi na mbili. Kwenye hita, tisa: umeme ulikuwa unapotea njiani. Alifuata waya wa hasi hadi kwenye bolti inayoufunga kwenye bodi ya gari, akakuta kutu iliyoletwa na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Kwenye joto la gereji kiungo kilishika kwa shida, kiasi cha hita kufanya kazi, ila mita ingeonyesha upungufu. Kwenye baridi chuma kilisinyaa, kikaachia. Alikikwangua kwa kisu na kukikaza. Marketta aliondoka kwa wakati, na mzee akapata sindano yake.

Taisto aligonga mlango wa Urho.

"Ilikuwa kutu," alisema. "Kwenye bolti."

"Vizuri. Wagonjwa wake watamwona mapema."

"Nimekosa, Urho."

"Umekosa. Ungeniuliza nafanya nini pale, ningekujibu. Hukuuliza." Akafunga mlango taratibu.

Wapo wanaomtetea Taisto kwamba nyayo zilikuwepo kweli. Mimi simtetei. Mita ilikuwa mkononi mwake.

Urho hakurudi sauna kwa Taisto, na katika mawindo alihamia kikosi kingine. Aliishi miaka tisa zaidi. Alipofariki, jeneza lilibebwa na wawindaji sita, na Taisto hakuombwa kuwa mmoja wao.