Aliyeitikia Jina la Humud

Atiyallah bin Muslih bin Awadh, wa kabila la Juhayna: mwana wa Muslih aliyerudisha chombo Umluj, bandari yetu ya Bahari ya Shamu, kutoka Suwesi bila usukani, kwa kasia tu, mjukuu wa Awadh aliyechimba kisima cha mtaa wetu akakataa kisiitwe kwa jina lake. Huyo ndiye ami yangu, kaka mkubwa wa baba. Wajukuu siku hizi wanasema alikuwa mzee wa kuongea na mchanga. Hakuongea na mchanga. Alikuwa anaita mtu.

Mimi nilikuwa sijazaliwa. Chombo cha nahodha Silmi kilikuwa kinapeleka makaa na samli Suwesi, wakaingia Ghuba ya Mkoche kuchukua maji. Pale hapana nyumba wala kivuli, ila mkoche mmoja. Maji unayafukua kwenye bonde kavu nyuma ya tuta la mchanga, unangoja yakusanyike, unayachota kwa bakuli.

Aliyekwenda mara ya mwisho na kiriba cha maji alikuwa Humud bin Nafi, mchumba wa shangazi yangu Wasila. Mwenda pole, mdomo mwingi, sauti ya puani. Alikwisha kuchelewesha chombo zaidi ya mara moja, na nahodha alimwonya mbele ya wote.

"Ukinichelewesha tena nitakushusha Suwesi. Urudi kwenu kwa miguu, bibi harusi akupokee na nyayo zimepasuka."

"Nikienda kwa miguu nitakutangulia, nahodha," Humud akasema. "Chombo chako mwendo wake naujua."

Walicheka, lakini nahodha hakucheka.

Kwenye vyombo vyetu nanga haikuvutwa kabla ya majina. Mwimbaji anamwita kila mtu kwa jina lake na la babake, naye anaitikia palepale alipo, awe juu ya mlingoti au chini kwenye shehena: "Nipo." Nahodha yuko nyuma penye usukani, tanga limemkinga. Hatazami nyuso, anasikiliza sauti.

Jua la adhuhuri lilikuwa kali. Ami alitazama nchi kavu, akamwona Humud juu ya tuta, kiriba begani, anashuka. Humud alikuwa na desturi ya kuogelea na kujipandisha kwenye kidau kilichofungwa nyuma ya chombo. Ami akajiambia, huyo amefika. Na ami alikuwa fundi wa kuiga watu. Harusi za Umluj hazikunoga bila yeye. Jina la Humud lilipoitwa, akabana pua kidogo, kumwokoa na nahodha.

"Nipo."

Nanga ikavutwa, wakatoka.

Hakuna aliyejua mpaka chakula kilipotengwa. Wanakula sinia moja, kila mtu na upande wake, na upande mmoja wa wali ukabaki haujaguswa.

"Huyu hata kula anachelewa?" akasema mpishi, mzee Farah. Akaenda kuangalia kidau. Kidau kilikuwa kitupu.

Ami akasema, "Aliyeitikia ni mimi. Nilimwona juu ya tuta, anakuja."

Nahodha hakumtukana. Aligeuza chombo palepale. Lakini walipoufikia mlango wa ghuba jua lilikuwa limezama, na kwenye miamba ile huingii gizani. Asubuhi nako huingii, kwa sababu jua linatoka upande wa nchi kavu, linakupiga machoni, mwamba huuoni mpaka umekupasua. Ikabidi wakae nje mpaka jua lipande juu. Ami hakuketi usiku ule wala asubuhi ile. Alisimama mbele ya chombo, ameikamata kamba.

Walimkuta kwenye mashimo ya maji. Nyoka alikuwa amemuuma, mguu umevimba mpaka pajani, na kilemba chake amejifunga juu ya goti. Kiriba kilikuwa nusu. Alikuwa ameishi, amekunywa, amengoja. Mwili ulikuwa bado una joto.

Nahodha alipanda juu ya tuta, akashuka, akapanda tena.

"Atiyallah, ulimwona nani?"

"Nilimwona Humud."

"Nyayo zake za kwenda hizi hapa, upepo haujazifuta. Za kurudi ziko wapi?"

Ami akainama kuutazama mchanga.

Walimzika chini ya mkoche. Waliporudi chomboni nahodha akasema, "Majina utaita wewe. Leo na siku zote."

Ami akaita mmoja mmoja, wakaitikia. Alipofika mwisho ulimi ukaenda wenyewe, akaita, "Humud bin Nafi." Halafu mzee Farah akainua kichwa kutoka jikoni.

"Nani amesema yupo?"

Watu wakatazamana. Nahodha akasema, "Vuta nanga."

Hilo ndilo lililomla ami. Mara ya kwanza aliondoka kwa kosa. Mara ya pili, alisema, aliondoka na amesikia jibu.

Wasila aliolewa Yanbu. Alimwambia ami neno moja tu: "Nisikusikie tena ukiiga mtu." Na hakuna aliyemsikia tena. Aliita majina mpaka vyombo vya tanga vilipokwisha, na kila walipotia nanga pale, jina la mwisho lilikuwa la Humud, kisha anangoja mpaka mabaharia wanaguna. Baadaye barabara ikaja, akawa anapelekwa ghubani kwa gari kila mwaka.

Alipolala asiweze kuinuka aliniita mimi, si wanawe.

"Muzna, sauti yako inafika mbali. Utakwenda wewe."

"Ami, mtu mzima mimi, nina watoto saba. Nikapige kelele jangwani?"

"Si unapiga hapa kila siku, tena bure."

Nilicheka. Yeye alinishika mkono, nikaacha.

"Mwite kwa jina la babake. Halafu nyamaza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uwe na hakika hakuna anayekuja."

"Na akiitikia?"

"Keti umngoje. Hakuna nahodha wa kukuharakisha." Akafumba macho, nikadhani amelala. "Ila wewe usiitikie jina lake, mwanangu. Hata ukimwona juu ya tuta, anashuka, usiitikie."