Mbwa wa Veronika katika Nyumba ya Paka

Wifi yangu Sharifa alikuwa msafi kupita kiasi. Nasema hivyo na mimi mwenyewe si mchafu, waulize walionijua. Lakini Sharifa alifagia uwanja asubuhi, halafu akarudi kufagia nyayo za aliyepita kumsalimu. Alizaliwa Ziwani, kaka yangu akamwoa, na kaka alipofariki hakurudi kwao, alibaki na sisi. Tulipohamishiwa kijiji kipya, kile walichokipa jina la Umoja, kule chini ambako Ruvuma inakaribia kuingia baharini, nyumba yake ilitazamana na yangu mlango kwa mlango.

Asubuhi za kule zilikuwa na ukungu. Ulipanda kutoka mtoni ukajaa kati ya nyumba, ukaona vichwa na mabega yanapita hewani hayana miguu. Sauti ya mtu ilifika kabla ya mwenyewe. Ungeweza kuitikia salamu na usijue umemwitikia nani.

Kijiji kilikuwa bado hakijajenga ghala. Mbegu za shamba la ushirika, mpunga na karanga na choroko, ziliwekwa kwa Sharifa kwa sababu ya huo usafi wake. Zilikaa kwenye dari ya jiko lake, ndani ya vilindo, yale makasha ya magome ya mti, na moshi wa kila siku ulizilinda na wadudu. Lakini panya hajali moshi. Panya ilikuwa kazi ya paka, na Sharifa alikuwa nao watatu: Kaniki, dume jeusi, Shombo, aliyependa vichwa vya samaki, na mama yao, paka wa kijivu mwenye sikio lililokatika, ambaye tulimwita Bi Mkubwa. Mwenyekiti wetu Rashidi, rafiki wa marehemu kaka yangu, akipita hapo husema, "Shemeji, askari wako hawajambo?"

Veronika alikuwa Mmakonde wa ng'ambo. Vita vya kule vilimvusha mto akiwa na mtoto mgongoni, akaishi kwetu miaka. Shamba lake la mihogo lilipakana na la Sharifa, na jike lake la mbwa lililinda yote mawili, hata nguruwe wa porini wakayaacha, wakayazoea ya wengine. Nchi yao ilipopata uhuru, Veronika akafunga mizigo. Siku ya kuondoka alimletea Sharifa mtoto wa mbwa, rangi ya udongo, ameacha kunyonya juzijuzi.

"Mama yake nakwenda naye," alisema. "Huyu ni wako. Nguruwe hawajui kama nimeondoka, na wewe usiwaambie."

"Anaitwa nani?"

"Tutaonana."

Sharifa alicheka, halafu akaacha kucheka. Mtumbwi uliingia kwenye ukungu, tukawa tunasikia kasia tu, halafu hata kasia hatukulisikia. Wifi yangu alibaki ukingoni ameshika kamba ya mbwa kwa ncha za vidole, kama ameshika tambara la mtu mwingine.

Mwalimu wa madrasa alimwambia kuwa mbwa wa kulinda shamba hana neno, ila alicholamba kioshwe mara saba na mojawapo iwe kwa udongo. Basi hapo ukawa umempa Sharifa kazi anayoipenda. Aliosha bakuli, akafua kanga aliyomshikia, akafua gunia alilolalia na kamba aliyofungiwa. Mwisho akamchukua mwenyewe mpaka majini, akamsugua kwa mchanga mweupe, akarudi naye ananuka mto mtupu. Kesho yake tena. Alimpenda, msidhani hakumpenda. Alimpenda kwa mikono yake jinsi ilivyojua.

Paka walimwona wakatimua. Kaniki aliondoka mchana uleule akahamia msikitini. Bi Mkubwa alikwea kwenye paa la nyumba kubwa, hakutaka hata kulikaribia jiko. Shombo alirudi kila asubuhi kwa ajili ya tumbo lake, akamkuta mbwa, akavimba mkia na kufoka kama hawajawahi kuonana, akakimbia. Kila asubuhi ilikuwa kama huyo mbwa kafika sasa hivi.

"Wifi, paka wako wanasahau," nilimwambia.

"Hawasahau. Wanajivuna kama wewe."

Na akienda shamba, akimwita mbwa wake njiani, "Tutaonana, Tutaonana," vijana waliokuwa wakifyatua matofali walimjibu kwa pamoja, "Haya mama, kwaheri." Mmoja akauliza, "Unamwita mbwa au unatuaga?"

Halafu mvua ikaanza kunyesha darini wakati nje ni kiangazi. Ndivyo ilivyosikika, mvua ya rasharasha, nyepesi, tamu kuisikiliza ukiwa umejinyoosha mkekani. Walikuwa ni panya. Choroko zilianza kudondoka kwenye majivu, moja, kisha nyingine, na kilindo kimoja kikaonekana kimetobolewa ubavuni.

Rashidi alikuja, akaokota ganda la choroko, akaligeuza kiganjani.

"Shemeji, mvua ya kweli haiko mbali. Hizi zikiisha, kijiji kizima kitapanda nini?"

"Najua."

"Basi ama mbwa aondoke, ama mbegu ziondoke na ufunguo wa jiko nikupokee mbele ya wanakijiji. Paka hawarudi akiwepo huyo."

"Aondoke aende wapi? Mwenye naye yuko ng'ambo."

"Pori ni kubwa."

Sharifa alimtazama mtoto wa mbwa, aliyekuwa amelalia mguu wa Rashidi kama jamaa yake. Pori ni kubwa, na kule kulikuwa na chui. "Nipe mpaka Ijumaa," akasema.

Homa ikamshika siku iliyofuata. Nilimtolea kitanda cha kamba nikakiweka kwenye kivuli cha jiko, upepo umpige, nikakaa naye. Maji niliyoteka yalitosha kunywa na kumkanda kichwa, gunia la mbwa likabaki lilivyo pale chini ya nguzo, na mbwa mwenyewe nikamfunga uani kwangu.

Jua lilipenya makuti likamwagika juu yake vipande vipande. Sharifa alikuwa macho na hayuko macho. Aliniambia Veronika anapita juu ya maji amebeba mihogo, na mihogo inatoa maua. Aliniambia nyumba zote za Umoja zimenyanyuka taratibu zinarudi zilikotoka, kila moja na njia yake, na kaka yangu anazifungulia kama mbuzi. Nikawa namwitikia tu. Ndipo Bi Mkubwa akateremka kutoka kwenye paa, bila haraka, akaja kwenye lile gunia. Akalinusa. Akaondoka, akarudi. Akasugua shavu lake la kushoto, akasugua la kulia, akajikunja juu yake na kuweka mikono chini ya kifua.

"Wifi," alisema Sharifa, "na wewe unamwona?"

"Namwona."

"Kalilalia."

"Kalilalia kweli."

"Halijafuliwa?"

"Maji hayakutosha."

Akafumba macho, nikadhani usingizi umemchukua.

"Watoto wetu, wali wa kule jandoni," akasema bila kuyafumbua, "wanaogeshwa?"

"Hawaogeshwi mpaka siku ya kutoka."

"Mpaka siku ya kutoka. Na mimi huyu namwosha harufu yake kila siku. Kila siku nawaletea paka mgeni mpya, halafu nawalaumu hawamzoei."

Homa ilipomwachia nafasi ya kusimama tu, alimtia mbwa wake ndani kama mwali. Kona ya jiko alizungusha ua wa matete, akamweka humo. Gunia alilikata vipande viwili, kimoja akamwachia mbwa, kingine akakiweka kwenye jiwe la pembeni, paka walipozoea kuota moto. Chakula alikiweka upande huu wa matete na upande ule, kwa wakati mmoja, wakawa wanasikiana wakila. Hakufua kitu. Kwa ajili ya swala alileta nguo zake safi kwangu. Alikuja, akaosha mikono kama alivyofundishwa, akabadili, akaswali, akavaa tena kanga yenye harufu, akarudi kwake.

Kisimani wanawake walisogeza ndoo zao mbali naye. Sharifa, ambaye maisha yake yote ndiye alikuwa anasogeza ndoo yake mbali na za wenzake, alijaza maji akanyanyua kichwa, akaondoka. Mimi nilitembea ubavuni kwake. Hakuna ambaye angethubutu kuisogeza ndoo yake mbali nami.

Ijumaa Rashidi alifika baada ya swala, akataka kuingia jikoni moja kwa moja.

"Hodi haipigwi siku hizi?" Sharifa aliuliza. "Nina mwali ndani."

Rashidi alichungulia. Shombo alikuwa amelala ubavu umegusa matete, na upande wa pili mbwa amelala ubavu umegusa matete hayohayo. Bi Mkubwa alikaa kwenye kipande chake cha gunia akitutazama sote watatu.

Sharifa akautoa ule ua. Mtoto wa mbwa alisimama, akatikisa mkia na kiuno chote, akamwendea Bi Mkubwa. Bi Mkubwa alimpiga kofi moja la pua, bila kucha. Mbwa akalala chali. Paka akamnusa tumbo, shingo, akamruka kama anavyoruka kizingiti, akakwea nguzo kwenda darini. Tukasikia kishindo kidogo huko juu, na mkwaruzo, kisha kimya.

Rashidi alipanda ngazi mwenyewe. Alichovya mkono katika kila kilindo, akateremka na mpunga kiganjani, akaupuliza, akautazama kwenye mwanga wa mlango punje kwa punje. Kaniki hakuwepo wa kutazamwa. Yeye alibaki paka wa msikiti mpaka alipokufa. Lakini wawili walitosha. Rashidi akapanda tena ngazi, akaurudisha mpunga kilindoni.

"Zikae," alisema alipofika chini. Halafu akanusa hewa. "Shemeji, mikono yako inanuka mbwa."

"Ndiyo," alisema Sharifa. "Kunywa chai."

Chai niliipika kwangu, lakini aliyemkabidhi kikombe ni yeye. Rashidi alikitazama kile kikombe, akanitazama mimi, akakipokea, akanywa.