Niliimba Hadi Boti Ikapiga Honi

Kosa ni langu. Sikurogwa, wala mume wangu hakunizuia. Na wewe unayemtafuta mama mkwe katika habari hii utaumia bure, maana mama mkwe wangu alikuwa mtu mwema. Nimenyamaza miaka mingi. Leo nasema, lakini jina langu halisi sisemi, kwa sababu Kisangani ni ndogo na wapo wanaoukumbuka ule wimbo.

Ilikuwa enzi za Zaire. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya kilimo. Ripoti za mbegu kutoka kituo cha utafiti cha Yangambi zilipita chini ya vidole vyangu miaka sita. Magonjwa ya mpunga, unyevu wa mahindi, siku za kuota, yote nilikuwa nayo kichwani. Saa ya kula nilimfundisha hayo yote Mama Furaha, aliyekuwa akichambua mbegu chumba cha nyuma. Alinizidi umri, mama wa watoto watano, na Kifaransa chake, jamani, kilichechemea!

Siku moja Yangambi wakatafuta msaidizi wa maabara. Mkuu wangu akaandika jina langu bila kuniuliza. Nyumba ya matofali kando ya mto, na kazi niliyoiota tangu utoto! Kilichobaki ni kwenda huko na kukaa mbele ya wanaume watatu na kuwajibu maswali kwa mdomo, kwa Kifaransa.

Niliacha shule mapema, na nilijua wale watu wataniumbua. Hayo nilijiambia mwenyewe, hakuna aliyeniambia.

Basi nikabuni ujanja, na ulikuwa mtamu, lazima nikiri. Wakati ule kila ofisi ilikuwa na kikundi cha animation, cha kuimba na kucheza kusifu Chama. Ukisema unakwenda animation, nani angekuzuia? Asubuhi ya mtihani nikamwendea mkuu, uso mkavu.

“Citoyen Directeur, siwezi kwenda. Niko na répétition, mazoezi ya animation.”

Akaiweka barua ya Yangambi kando.

“Bon. Kama ni ya Chama, citoyenne, ni ya Chama.”

Nilidhani watanifuta. Wapi! Wakaahirisha mtihani. Nikasema tena animation, wakaahirisha tena. Sasa uongo ulitaka mwili, ikabidi nijiunge na kikundi kweli. Kumbe nina sauti! Haukupita mwezi nikawekwa mbele, mimi naanzisha, umati unaitikia. Kila alasiri niko uwanjani natingisha kiuno. Nyumbani mume wangu, mchomeleaji wa pale bandarini, anatwanga lituma mwenyewe, ndizi zimejaa mabonge, watoto wamenuna.

“Mama Amisi,” akaniambia, “mbele ya uwanja muzima unapiga kelele bila haya. Alors, watu tatu tu, iko nakutisha nini?”

“Hii ni kazi ya Chama,” nikamjibu.

Hata yeye, baba wa watoto wangu, nilimfunga mdomo kwa Chama! Aibu naisikia hadi leo.

Mara ya tatu wale watatu wakachoka kungoja, wakapanda boti wenyewe kuja Kisangani. Nainua macho katikati ya wimbo, nawaona kwenye benchi kando ya uwanja, suti zao za abacost zimenyooka, karatasi magotini. Mkuu wangu ananipungia mkono, anatabasamu. Maana yake: ukimaliza tu wimbo, njoo.

Ukimaliza wimbo!

Sikumaliza. Mungu anisamehe, nikaongeza beti. Nilipoishiwa sifa za Chama nikasifu mito: Lualaba, Tshopo, Lindi, Aruwimi. Nikasifu mihogo. Nikasifu wajawazito. Na nyimbo za namna ile, waliokuwapo wanajua, hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuacha kupiga makofi. Wachezaji wanatiririka jasho, mpiga ngoma ananitazama kama anataka kulia, na wale watatu nao wanapiga makofi huku karatasi zao zimeanguka chini. Saa nzima na nusu! Hadi boti ya kurudi Yangambi ikapiga honi, nao wakaondoka mbio kuelekea bandarini.

Nilicheka hadi nikakaa chini. Nilijiona mjanja kuliko mji mzima.

Nilichosahau ni kwamba Mama Furaha alikuwa pale, ametumwa kuwabebea mifuko ya mbegu. Alikimbia nao. Njiani mmoja akamwuliza, kwa kutania tu, kama na yeye anajua kitu. Boti ikachelewa kufungua kamba, maswali yakaendelea kando ya maji.

Wiki iliyofuata barua ya kazi ikaandikwa kwa jina lake. Nani aliipiga chapa? Mimi! Nikaharibu karatasi mbili kwa machozi.

Alipokuja kuniaga nikamwuliza kama hakuogopa.

“Kuogopa? Mama Amisi, waliniuliza jina yangu, nikaisahau! Jina yangu mwenyewe! Wakacheka, wakanipa mayi. Nikakunywa. Njo nikaanza kusema ile yote ulinifundisha.”

Kikombe cha maji. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu ya kuogopa, na mimi niliikimbia kwa beti zote zile. Nilipiga chapa ripoti za Mama Furaha hadi mashine ikachakaa. Zilikuwa nzuri. Nilizijua kabla hajaziandika, na hilo linaniuma kuliko yote.

Wewe unayesoma, ambaye kila siku una kwaya, una kikao, una harusi ya mtu, na lile jambo lako moja linangoja mwaka wa ngapi sijui: jiulize kama shughuli hizo zinakuhitaji au umejificha ndani yake. Mimi nilijificha mbele ya macho ya watu wote, na wakanipigia makofi! Usinifuate. Maliza wimbo, nenda kwenye benchi, ukatetemeke. Maji watakupa.