Siku Niliyomsingizia Mbwa wa Mzee Kagoma

Jamani, hii habari nimekuwa nikiikwepa kwa muda mrefu, lakini kijiji chetu kizima cha Kitahana kinaijua, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kuliko kuisikia kisimani imeongezwa chumvi.

Nina watoto watano. Huyu wa mwisho nilimzaa kwa shida, damu ilitoka mpaka nikapelekwa Kibondo mjini sijitambui, na nilipozinduka nikajisemea moyoni kwamba basi, sasa nipumzike. Sindano za kuzuia mimba nilishazitumia, ila mimi na tarehe hatupatani (ukiwa unapalilia maharage nani anakumbuka miezi mitatu imeisha lini?), na huyo wa tano alikuja hivyohivyo. Kwa hiyo nilikuwa nataka kitu cha muda mrefu. Nesi wa zahanati akanieleza vyote, kitanzi, kijiti, hata kufunga kabisa, nikachagua kijiti cha miaka mitatu, kile kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono. Kufunga niliogopa; nilifikiri, je, Mungu akimchukua mmoja?

Shida ilikuwa Baba Yohana, mume wangu. Si mkali, ila aliwahi kusikia kwa wenzake kule sokoni Mabamba kwamba kijiti kinatembea mwilini mpaka kinafika kwenye moyo, na mama yake tunaishi naye uwanja mmoja, mama aliyezaa kumi na mmoja na anayeniuliza kila mavuno, "Mbona tumbo limetulia?" Nikaona niende kimyakimya.

Nilirudi nyumbani na bandeji kwenye mkono, juu ya kiwiko. Nilikuwa nimepanga kuvaa sweta, lakini jua lilikuwa kali nikalivua njiani, nikalisahau begani (akili zangu hizo), na mume wangu akaniona kabla sijaingia ndani.

"Mkono una nini?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema nimejikwaruza na kuni, yangeisha. Lakini mbwa wa Mzee Kagoma, jirani yetu, alikuwa anabweka upande wa pili wa ua, nami mdomo ukatangulia: "Mbwa wa Kagoma kaning'ata."

Nilidhani atasema pole tukale. Kumbe wiki iliyotangulia kulitangazwa habari ya kichaa cha mbwa! Baba Yohana akaruka kama kaguswa na moto, akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti akamwita mgambo, mama mkwe akaanza kulia kwamba nitabweka kabla ya kufa, na mimi nimekaa kwenye kigoda nasema, "Ni kidogo tu, ni kidogo tu," huku kila nikisema hivyo ndivyo wanavyozidi kuniona jasiri.

Tulipofika kwa Mzee Kagoma watu walikuwa wamejaa. Mbwa kafungwa kwenye mgomba, mgambo kashika rungu. Mzee wa watu anaapa, "Huyu mbwa tangu asubuhi yuko nami shambani! Mama Yohana, mwanangu, niambie, kakung'ata saa ngapi?"

Mkewe akanishika mkono ule mzima. Akasema polepole, "Ndiye anayetulindia mihogo na ngedere. Lakini kama kakuumiza, basi."

Lile "basi" ndilo lililonimaliza. Kapiga kelele mtu ambaye sikujua ni mimi:

"Mwacheni! Hajaning'ata! Nimeweka kijiti!"

Hata mbwa alinyamaza. Mama mkwe, ambaye masikio yake siku zote ni mazito isipokuwa siku hiyo, akauliza, "Kijiti gani?" Na mgambo, kijana ambaye hata hajaoa, ndiye akamjibu kwa heshima zote, "Cha uzazi wa mpango, bibi." Watu wakaanza kucheka. Baba Yohana aligeuka akaenda zake bila kuniangalia.

Siku tatu hakusema nami ila "nipe maji". Nilikwenda kwa Mzee Kagoma kupiga magoti, akanisamehe huku anacheka, lakini nyumbani hakuna aliyecheka. Siku ya nne Baba Yohana akanikuta napepeta mahindi, akasimama.

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa," akasema. "Lakini siku ile ya damu mimi ndiye niliyekubeba mpaka kwenye pikipiki. Ungenikumbusha hiyo."

Sikuwahi kufikiri kwamba na yeye aliogopa siku ile. Nilipoenda kuangaliwa kidonda tulienda wote, akamuuliza nesi habari ya moyo mara mbili, nesi akamjibu mara mbili. Mama mkwe bado ananuna, ingawa jioni moja alikigusa kijiti kwa kidole, akanong'ona, "Enzi zetu hakikuwepo." Akaondoka. Mpaka leo sijui ilikuwa lawama au wivu.

Kwa hiyo nimejiapiza. Miaka hii mitatu ikiisha, nikitaka kingine au nikitaka kufunga kabisa, nitamwambia Baba Yohana kwanza, mchana kweupe, na akikataa tutagombana humo ndani kama watu waliooana. Kugombana naweza. Kusimama tena mbele ya kitongoji kizima nikitangaza mambo ya uzazi wangu ili kumwokoa mbwa, hapana.